Shujaa Mmoja, Mikasa Mingi: Juu ya Mvuto wa Hadithi za Mfululizo

Msomaji anunuaye kitabu cha pili, au cha tano, chenye habari za shujaa yule yule, analijua jambo moja kabla hajafunua ukurasa wa kwanza: shujaa hatakufa. Atafungwa kamba, atafyatuliwa risasi, atavizwa gizani. Lakini ukurasa wa mwisho utamkuta yu hai, maana kitabu kingine cha habari zake kimekwisha kutangazwa. Basi ikiwa hatari yenyewe haina hatari, msomaji hukesha kwa ajili gani?

Swali hili laonekana dogo, na yamkini ndiyo sababu wataalamu wengi wamelipita upesi. Hadithi za namna hii zimetiwa katika fungu liitwalo "fasihi pendwa", na jina hilo likawa kama kufuli: kilichokwisha kuitwa pendwa hakihitaji kuelezwa kwa nini chapendwa. Katika makala haya twakusudia kulijibu swali hilo kwa njia ya lugha zaidi kuliko kwa njia ya uhakiki, na mifano yetu tutaichukua kwa waandishi watatu wa Kiswahili: Muhammed Said Abdulla, muumba wa Bwana Msa, Elvis Musiba, muumba wa Willy Gamba, na Ben Mtobwa, muumba wa Joram Kiango.

Yafaa tuanze na asili. Mashujaa wa mfululizo si wageni katika Kiswahili. Sungura wa ngano ni shujaa wa mfululizo, Abunuwasi kadhalika. Msikilizaji wa ngano hakumwuliza bibi yake, "Je, leo Sungura atashindwa?" Alijua ya kuwa Sungura atapona, na hata ikiwa ngano moja ilimwua, kesho yake alimsikia tena yu mzima, wala hakuna aliyetaka maelezo. Alilolitaka msikilizaji ni kujua werevu wa Sungura utapita mlango upi safari hii. Kwa hiyo, vitabu vya mfululizo vilipofika katika lugha yetu, vilikuta masikio yamekwisha kuzoezwa.

Katika vitabu vya chapa, mmoja wa mashujaa wa kwanza wa namna hii kufika kwa Kiswahili alikuwa Allan Quatermain, mwindaji wa hadithi za Mwingereza H. Rider Haggard. King Solomon's Mines, kitabu cha mwaka 1885, kilitolewa kwa Kiswahili mwaka 1929 kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, kwa kazi ya Frederick Johnson, ambaye baadaye alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, kamati ambayo ndiyo asili ya uchunguzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Basi mti huu na taasisi zetu wenyewe umeota karibu na shina moja.

Habari za Quatermain zina fundisho moja linalofaa swali letu. Haggard alimwua shujaa wake mapema, katika kitabu cha mwaka 1887 kiitwacho kwa jina lake. Lakini wasomaji hawakushiba, wala mwandishi naye hakushiba. Akarudi nyuma, akatunga vitabu vingine vingi juu ya miaka ya shujaa huyo kabla hajafa. Msomaji wa vitabu hivyo alijua zaidi ya kuwa shujaa atapona: alijua na siku yake ya kufa pia. Hata hivyo alisoma. Arthur Conan Doyle alipatwa na jambo la jinsi hiyo. Alimtosa Sherlock Holmes katika maporomoko ya maji ya Uswisi katika hadithi iliyotoka Desemba 1893. Mwaka 1901 akaanza kutoa kisa chake cha zamani. Na mwaka 1903 akamrudisha hai kabisa. Kutokana na mifano hii miwili twaweza kusema kwa yakini kwamba uhai wa shujaa sio fumbo linalomvuta msomaji. Fumbo liko pengine.

Sasa na tuitazame lugha. Kiswahili kina viambishi viwili ambavyo, kwa maoni yetu, vyabeba mzigo wote wa hadithi za mfululizo. Cha kwanza ni -ka-, kiambishi cha tukio linalofuata tukio. Tutunge mfano: "Mwizi akaruka ukuta, akashika njia ya pwani, akaingia mtumbwini." Kila -ka- humsukuma msomaji mbele, wala haimpi nafasi ya kupumua. Hadithi ya mikasa isiyokuwa na mlolongo wa -ka- ni ngalawa isiyokuwa na tanga. Cha pili ni hu-, kiambishi cha mazoea. Tutunge mfano tena: "Bwana huyu hafukuzi mtu, humngoja arudi." Hapa hapana tukio lolote lililotendeka. Tumeambiwa tabia tu, jambo ambalo ni kweli jana, leo na kesho.

Hadithi ya kawaida, yenye mwanzo na mwisho wake katika kitabu kimoja, huishi zaidi kwa -ka-. Mhusika wake hatuna wakati wa kumjua kwa mazoea. Twamjua kwa yale yaliyompata mara moja. Lakini shujaa wa mfululizo ni mtu wa hu-. Bwana Msa huvuta kiko chake. Hutazama wasilolitazama wengine. Hunyamaza pale ambapo mwenziwe angesema. Mambo haya hayakuelezwa mara moja yakaisha. Yamekaririwa kitabu baada ya kitabu mpaka yakawa sheria, na msomaji akayashika kama ashikavyo desturi za jirani yake.

Jibu letu, basi, ni hili: mvuto wa hadithi za mfululizo hutokea pale -ka- inapogongana na hu-. Mkasa ni mpya, tabia ni ya zamani. Na msomaji hukesha ili aone tabia anayoijua itafanya nini mbele ya jambo asilolijua. Swali lake si "Je, atapona?" bali ni "Je, atapona kwa namna yake?" Swali hili la pili lina wasiwasi wa kweli, kwa sababu shujaa aweza kupona na hali tabia yake imevunjika. Aweza kuokoka kwa uwongo naye hujulikana kwa ukweli. Aweza kushinda kwa bahati naye hujulikana kwa akili. Likitokea hilo, msomaji huona ametapeliwa, ijapokuwa shujaa wake yu hai na adui amefungwa.

Kuna jambo jingine la sarufi linalofaa kuangaliwa. Kiambishi hu- hakionyeshi nafsi: mimi huenda, wewe huenda, yeye huenda. Mwandishi atumiaye hu- aghalabu hulazimika kumtaja mwenye tendo waziwazi. Ndiyo sababu jina la shujaa wa mfululizo hurudi mara nyingi kupita jina la mhusika mwingine, hata likapata uzito wake lenyewe. Tena hu- ndiyo sauti ya methali: asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mchumia juani hulia kivulini. Muhammed Said Abdulla alilihisi jambo hili, maana kitabu chake kimoja, cha mwaka 1976, kina jina lililoundwa kwa kiambishi hicho hicho, Mwana wa Yungi Hulewa. Na kingine, cha mwaka 1973, Duniani Kuna Watu, nacho kimekaa kimethali. Jina la namna hiyo laahidi mambo mawili kwa mpigo: kisa kipya, na kanuni ya zamani ya maisha itakayothibitishwa na kisa hicho.

Tukiyaangalia majina ya mashujaa wenyewe, twaona tofauti yenye maana. Bwana Msa hatajwi bila heshima yake. "Bwana" limeshikamana na jina kama kilemba na kichwa. Heshima hiyo yatuambia kwamba huyu ni mtu wa mji, wa makamo, mwenye kusikilizwa barazani. Tena herufi za jina lake, M, S na A, ndizo herufi za mwanzo za majina matatu ya mtungaji. Willy Gamba na Joram Kiango, kwa upande wao, huitwa kwa majina mawili mawili, la kwanza la Kizungu au la Biblia, la pili la Kiafrika, pasipo Bwana wala Mzee. Majina hayo ni ya vijana wa miji mikubwa baada ya uhuru, watu wa hoteli na viwanja vya ndege, ambao heshima yao haitoki katika umri bali katika kazi. Msomaji husikia yote haya katika jina tu, kabla shujaa hajatenda jambo lolote.

Shujaa wa mfululizo hana budi kuwa na watu wake pia. Bwana Msa anaye Najum, rafiki aulizaye maswali ambayo msomaji angeuliza. Anaye na Inspekta Seif, mwenye mamlaka ya serikali ambayo Bwana Msa hana. Joram Kiango anaye Nuru. Wengi wameandika kwamba Najum ameigwa kutoka kwa Daktari Watson wa Sherlock Holmes, na hapana haja ya kulikana hilo. Lakini kuiga umbo si kuiga kazi. Mazungumzo ya Bwana Msa na Najum ni mazungumzo ya baraza la Unguja: utani, mafumbo, kukatizana na kurudiana. Katika mazungumzo hayo tabia hudhihirika pasipo mwandishi kuieleza, na msomaji aliyekwisha kusoma vitabu viwili huweza kubashiri nani atasema nini kabla hajasema. Kubashiri huko ni furaha. Na kubashiri kisha kukosa kidogo ni furaha zaidi.

Yafaa tujibu hoja moja ya wapinzani, nayo ina nguvu. Husemwa kwamba shujaa wa mfululizo hakui: hazeeki, hajifunzi, harudi nyumbani na majeraha. Fasihi ya kweli, husema wao, humwonyesha mtu akibadilika. Twakubali kwamba mara nyingi shujaa habadiliki sana. Lakini wapinzani husahau kwamba msomaji hubadilika, na kwamba kusimama kwa shujaa ndiko kunakoyafanya mabadiliko hayo yaonekane. Na tuchukue miaka yenyewe. Mzimu wa Watu wa Kale, kilichoshinda katika mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya 1957–58, kilitolewa mwaka 1960, wakati Unguja ilipokuwa bado chini ya himaya ya Waingereza. Kisima cha Giningi kilitoka mwaka 1968. Katikati ya vitabu hivyo viwili palipita uhuru wa Desemba 1963, Mapinduzi ya Januari 1964 na Muungano wa Aprili mwaka huo huo. Msomaji aliyemwacha Bwana Msa katika nchi moja alimkuta tena akiwa yeye mwenyewe yumo katika nchi nyingine. Mtu ambaye kila kitu chake kimegeuka katika miaka minane hakosi sababu ya kumfurahia mwenyeji ambaye bado hukaa vile vile na kufikiri vile vile. Wapinzani wakiita hali hiyo udhaifu wa sanaa, sisi twaiita huduma.

Tena huduma hiyo haikuwa ya kubembeleza tu. Majina ya vitabu hivyo viwili huita mizimu na Giningi, mji wa wachawi katika masimulizi ya Unguja. Lakini Bwana Msa hufumbua mambo kwa akili, kwa kutazama na kwa kupima maneno ya watu. Kitabu kimoja cha namna hiyo kingeweza kuonekana kuwa ni kisa cha bahati. Vitabu saba, kutoka 1960 hadi 1984, huwa ni msimamo. Kwa kukariri, mwandishi hakumhubiria msomaji kwamba akili yashinda hofu, alimzoesha.

Kwa Willy Gamba mambo ni mengine. Yeye ni mpelelezi wa serikali, na adui zake ni adui za ukombozi wa Afrika. Kufa na Kupona, kilichotoka mwaka 1974, kimejengwa juu ya siri za wapigania uhuru. Kikosi cha Kisasi, cha mwaka 1979, humpeleka hadi Kinshasa. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1963, kwa hiyo msomaji wa miaka ile hakuona ajabu kwamba majasusi wa makaburu wangeweza kuwa katika meza ya pili hotelini. Hapa hu- si ya mtu peke yake. Ni ya taifa pia. Shujaa huthubutu, nasi twathubutu pamoja naye. Kasi ya Musiba, sentensi zake fupi, silaha, magari na majina ya barabara yajulikanayo, yote hufanya kazi ya -ka-. Lakini kinachomfunga msomaji ni kujua kwamba mtu huyu hauzi nchi yake hata akiahidiwa dunia.

Humo humo ndimo ulimo mpaka wa mfululizo wa namna hiyo. Msumbiji na Angola zilipata uhuru mwaka 1975, Zimbabwe mwaka 1980, Namibia mwaka 1990. Mwaka 1994 Afrika Kusini ikafanya uchaguzi wa watu wote, na Kamati ya Ukombozi ikafunga kazi. Adui aliyempa Willy Gamba sababu ya kuwako alikuwa ametoweka. Bwana Msa hakuwa na shida hiyo, maana adui yake ni siri iliyo moyoni mwa mtu, na siri hiyo haina tarehe ya kwisha. Twajifunza hapa kanuni moja: shujaa wa mfululizo huishi kwa kadiri ya umri wa adui yake. Joram Kiango wa Mtobwa yumo katikati ya hao wawili. Hakuajiriwa na serikali, hata hivyo mara kwa mara mikasa ya nchi humtafuta; na kwa kuwa anajitegemea, aweza kukataa, kusita na kuchoka. Kwa hiyo msomaji wake ana jambo jingine la kungoja: si namna atakavyoshinda tu, bali na namna atakavyokubali kuingia vitani.

Wala hatusemi kwamba kukariri hakuna hatari. Tabia ikikaririwa bila ya kujaribiwa huwa mazoea matupu. Kiko hubaki kiko, na utani hubaki kelele. Mwandishi mwenye akili huijua hatari hiyo, na dawa yake ni kuipeleka tabia mpaka ukingoni. Twaona dalili ya hilo katika kitabu cha mwaka 1984, Kosa la Bwana Msa. Katika majina ya vitabu saba, hicho ndicho peke yake kinachomtaja shujaa kwa jina, na kimemtaja pamoja na kosa. Jina hilo lingekuwa halina nguvu yoyote juu ya kitabu cha kwanza: Bwana Msa ni nani, hata kosa lake litushughulishe? Nguvu yake yatoka katika vitabu sita vilivyotangulia, vilivyotuzoesha kwamba mtu huyu hakosei. Miaka 24 ya hu- imewekwa rehani katika neno moja. Hicho ndicho kitu ambacho hadithi ya kitabu kimoja, hata iwe bora namna gani, haiwezi kukifanya.

Kutokana na hayo twaomba mambo matatu yaangaliwe na wenzetu wa taaluma hii. Kwanza, asomaye kitabu kimoja cha mfululizo na kukihukumu kwa hicho kimoja amehukumu nusu ya kazi. Kipimo cha haki ni mfululizo mzima, kwa taratibu ya miaka yake. Pili, kwa mwanaisimu, mfululizo ni hazina isiyo na mfano. Ni nadra kupata mwandishi mmoja akiwasemesha watu wale wale kwa zaidi ya miaka 20. Humo twaweza kufuata jinsi maneno, maamkizi na miundo ya sentensi ilivyobadilika, pasipo kuchanganya mabadiliko ya lugha na tofauti za waandishi. Tatu, na hili ndilo la haraka, vitabu hivi vilichapwa kwa karatasi hafifu, vikasomwa kwa kuazimana mpaka vikachanika. Abdulla alifariki mwaka 1991, Mtobwa mwaka 2008, Musiba mwaka 2010. Maktaba iliyo na Mzimu wa Watu wa Kale na Kosa la Bwana Msa lakini haina vilivyo katikati, ina ncha mbili za kamba isiyokuwa na kamba. Ukusanyaji wa matoleo ya kwanza, kitabu kwa kitabu, ni kazi inayowezekana leo. Kila mwaka upitao huifanya iwe ngumu zaidi.

Msomaji wa kawaida hakungoja ruhusa yetu ili apende. Alimfahamu shujaa wake kwa mazoea, akamfuata katika mikasa, akamtakia mema ya namna yake. Lililobaki ni kwa wataalamu nao kuvisoma vitabu hivi kwa ukamilifu ule ule ambao wapenzi wake wamevisoma kwa miaka mingi.